Miaka 10 ya kusubiri simu ya NBA: Mzazi wa mwanamichezo ajifunze nini kwa Andre Ingram?

Usiku wa Aprili 10, 2018, mashabiki wa Los Angeles Lakers waliona jambo lisilo la kawaida katika mpira wa kikapu. Mchezaji mgeni aliyeinuka kutoka benchi akiwa na jezi namba 20 alikuwa na mvi kichwani.

Jina lake ni Andre Ingram. Alikuwa na umri wa miaka 32, umri ambao wachezaji wengi huanza kufikiria kustaafu, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza katika NBA, ligi kubwa kuliko zote za kikapu duniani.

Alifunga pointi 19 dhidi ya Houston Rockets. Kati ya mitupo mitano ya pointi tatu aliyorusha, minne iliingia. Lakers walifungwa 105-99, lakini mashabiki waliondoka wakimzungumzia yeye.

Kabla ya usiku huo, Ingram alikuwa amecheza misimu 10 katika ligi ndogo, kwa malipo ambayo nchini Marekani ni vigumu kulea nayo familia. Nyumbani alikuwa na mke na mabinti wawili. Tangu hapo kisa chake kimesimuliwa mara nyingi kama mfano wa mtu asiyekata tamaa.

Ni mfano mzuri, lakini kwa mzazi mwenye mtoto anayelala na mpira kitandani, kuna somo kubwa zaidi ya hilo la kutokata tamaa. Ni somo linaloweza kumfaa mtoto hata kama simu ya NBA haitalia kamwe.

Majina 60 tu kwa mwaka

Ingram alizaliwa mwaka 1985 huko Richmond, jimbo la Virginia. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2007 aliichezea timu ya American University ya jijini Washington.

Alikuwa gadi, yaani mmoja wa wachezaji wa nyuma ambao kazi yao ni kuuleta mpira mbele, kuwatengenezea wenzao nafasi na kufunga kutoka mbali. Yeye sifa yake kubwa ilikuwa mtupo wa mbali. Darasani alisoma fizikia, na alihitimu.

Marekani, vyuo vikuu ndiyo njia kuu ya kufika kwenye mchezo wa kulipwa. Leo daraja la juu la kikapu cha vyuo lina timu za wanaume zaidi ya 350, na kila timu ina wachezaji zaidi ya 10. Hao ni maelfu ya vijana, na wote hao waliwahi kuwa nyota wa shule zao za sekondari.

Upande wa pili, drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu huchagua wachezaji wapya, haitaji majina zaidi ya 60 kwa mwaka. Baadhi ya nafasi hizo huenda kwa vijana wanaotoka Ulaya, Afrika na kwingineko ambao hawakupita kabisa kwenye vyuo vya Marekani.

Mwaka 2007, aliyetajwa wa kwanza alikuwa Greg Oden na wa pili Kevin Durant. Majina yote 60 yalisomwa hadi mwisho. La Ingram halikuwemo.

Maisha ya ligi ndogo

Kwa gadi ambaye hakuchaguliwa, mlango uliobaki nchini mwake ulikuwa ligi ndogo ya NBA. Ligi hiyo ilianzishwa mwaka 2001 ikiwa na timu nane, ikajulikana kwa miaka mingi kama D-League. Mwaka 2017 ilibadili jina na kuwa G League baada ya kampuni ya kinywaji cha Gatorade kuingia kama mdhamini. Msimu wa 2017/18 ilikuwa na timu 26.

Ingram alianza na Utah Flash mwaka huohuo wa 2007. Timu hiyo iliposimamisha shughuli mwaka 2011, safari yake ilimpeleka Los Angeles kwenye D-Fenders, timu ya ligi ndogo inayomilikiwa na Lakers, ambayo sasa inaitwa South Bay Lakers.

Maisha ya huko si yale yanayoonekana kwenye televisheni. Wachezaji husafiri kwa ndege za abiria wa kawaida, mara nyingi alfajiri baada ya mechi ya usiku. Hadhira huwa ndogo. Mwenzako unayecheza naye leo kesho anaweza kuitwa NBA, ukabaki wewe. Au ukaachwa wewe na nafasi yako ikachukuliwa na kijana aliyemaliza chuo juzi.

Malipo nayo yalikuwa madogo. Msimu ule wa 2017/18, Ingram alikuwa akipata takriban Dola 19,000 kwa msimu wote. Kima cha chini cha mchezaji mpya wa NBA mwaka huo kilikuwa zaidi ya Dola 800,000. Hao wawili hucheza mchezo uleule, na wakati mwingine kwa klabu za mmiliki mmoja.

Watanzania wanaifahamu ligi hiyo kupitia kwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika drafti nzima na Memphis Grizzlies. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2010, alipelekwa Dakota Wizards ya ligi ndogo ili apate muda zaidi wa kucheza. Hata aliyechaguliwa wa pili hakuwa na uhakika wa kubaki juu.

Tuisheni ya hisabati

Ingram aliwezaje kuvumilia miaka yote hiyo? Jibu moja liko darasani. Ili kuongeza kipato, alikuwa akifundisha tuisheni ya hisabati.

Jambo hilo husimuliwa kama kichekesho: mchezaji wa Lakers aliyekuwa mwalimu wa tuisheni. Kwa mzazi halina kichekesho hata kidogo. Shahada ya fizikia ndiyo iliyomwezesha kuendelea kucheza. Bila kipato kingine, pengine familia ingelazimika kufunga hesabu msimu wa pili au wa tatu, naye angekuwa amestaafu miaka mingi kabla ya usiku ule wa Aprili.

Hapa ndipo wazazi wengi hujikwaa. Shule na michezo huwekwa kama maadui wawili: mtoto akifeli mtihani mpira unafichwa kabatini, au akionyesha kipaji madaftari yanasahaulika. Kwa Ingram vitabu ndivyo vilivyolisha kikapu.

Hata ile njia ya ufadhili wa chuo Marekani, ambayo wazazi wengi wa Afrika Mashariki huiwazia, hupitia darasani. Vyuo vilivyo chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, haviruhusiwi kumchezesha kijana ambaye matokeo yake ya sekondari hayajakidhi viwango. Kipaji peke yake hakitoshi. Mzazi akikutana na mtu anayeahidi ufadhili wa kikapu ng'ambo bila kuuliza matokeo ya shule, huku akidai ada ya usajili, ana kila sababu ya kushtuka.

Wawili wa mwaka mmoja

Kuna ulinganisho mmoja wa kiafya ambao mzazi anafaa kuutazama kwa makini. Greg Oden, aliyekuwa wa kwanza mwaka ule wa 2007, alifanyiwa upasuaji wa goti Septemba ya mwaka huohuo kabla hajacheza hata mechi moja ya msimu. Msimu wake wa kwanza wote ulipotea. Majeraha yakafuatana, na hadi anaondoka NBA alikuwa amecheza mechi 105 tu.

Ingram, ambaye hakuna aliyemtaja siku ile, alikuwa amecheza mechi 384 za ligi ndogo kufikia Aprili 2018 na kufunga mitupo 713 ya pointi tatu, rekodi ya ligi hiyo kwa wakati huo.

Haina maana kwamba mmoja alijitunza na mwingine hakujitunza. Oden ni mtu mrefu na mzito kuliko Ingram, na magoti ya watu wa umbo lake hubeba mzigo mkubwa. Inachoonyesha ni kwamba mwili ni sehemu ya bahati nasibu ya michezo, na hakuna mzazi, kocha wala daktari anayeweza kumhakikishia mtoto kwamba goti lake litadumu.

Oden mwenyewe ameeleza hadharani jinsi majeraha yale yalivyomwingiza kwenye msongo na ulevi. Alikuwa ameondoka Chuo Kikuu cha Ohio State baada ya mwaka mmoja tu ili aingie NBA. Baadaye alirudi chuoni hapo, akakaa darasani na vijana wadogo, na mwaka 2019 akahitimu.

Wa kwanza na ambaye hakutajwa kabisa, wote wawili walihitaji kitu cha kushika mchezo ulipowageuka. Na wote wawili walikipata shuleni.

Somo linalopotosha

Usimulizi wa kawaida wa kisa cha Ingram huishia hivi: vumilia, siku yako itafika. Kwa wachezaji wengi wa ligi ndogo siku hiyo haifiki. Wapo waliovumilia kama yeye, wakafanya mazoezi kama yeye, na hakuna aliyewapigia simu. Kumwambia mtoto kwamba uvumilivu hulipa kila mara ni kumtayarishia maumivu, kwa sababu asipofika atajiona kwamba hakuvumilia vya kutosha.

Ingram alipoitwa ofisini siku ile, alidhani ni kikao cha kawaida cha kufunga msimu. Aliwakuta Magic Johnson na Rob Pelinka, viongozi wa Lakers, wakimpa habari kwamba amepata mkataba. Msimu ulikuwa umebakiza mechi mbili. Kwa mechi hizo alilipwa Dola 13,824, kiasi kinachokaribia malipo yake ya msimu mzima kule chini.

Kama kikao kile kingekuwa kweli cha kufunga msimu, angerudi nyumbani akiwa na mke, watoto, shahada, kazi ya kufundisha na magoti yanayotembea. Asingekuwa mtu aliyeharibikiwa. Kwa mzazi, hilo lina uzito kuliko pointi 19.

Hivyo swali la nyumbani si kama mtoto atafika au hatafika, maana hilo hakuna anayelijua. Mzazi anachoweza kujiuliza ni hiki: asipofika, atakuwa katika hali gani?

Ya kuzingatia nyumbani

Kuna mambo ambayo mzazi anaweza kuyasimamia hata kama hajui kikapu kinachezwaje.

*Usingizi.* Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi 10 kwa usiku. Anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi mazoezi na kulala saa sita usiku akimalizia kazi za shule anapoteza kotekote. Mwili hujijenga na kujirekebisha usingizini, na kijana mwenye usingizi huumia kwa urahisi zaidi uwanjani. Ikibidi, mazoezi yapunguzwe.

*Mapumziko.* Madaktari wa watoto wanashauri mtoto apate angalau siku moja au mbili kwa wiki bila mazoezi ya mchezo wake, na jumla ya miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka akiwa nje ya mchezo huo. Mapumziko si uvivu. Katika miezi hiyo anaweza kuogelea, kucheza mpira wa miguu au kuendesha baiskeli.

*Kutowahi kubana.* Mtoto wa miaka tisa hahitaji kuchagua mchezo mmoja wa maisha. Kwa michezo mingi, ikiwemo kikapu, ushauri wa wataalamu ni kuchelewesha uamuzi huo hadi anapofika miaka 15 au 16. Anayerudia mijongeo ileile tangu utotoni huchosha viungo vilevile, na wengi huchoka hata na mchezo wenyewe kabla ya kukua.

*Maumivu.* Kuchoka misuli baada ya mazoezi ni kawaida na huisha kwa siku mbili tatu. Maumivu yanayomfanya mtoto achechemee, yanayomwamsha usiku, goti au enka inayovimba, au sehemu ileile inayouma kila wiki, hayo ni ya hospitali. Mifupa ya mtoto bado ina sehemu laini za ukuaji karibu na viungo, na jeraha hapo likipuuzwa linaweza kuathiri ukuaji. Kumchua kwa nguvu kiungo kilichotenguka au kumpa dawa ya maumivu ili amalizie mashindano ya UMISSETA ni kukopa kwa riba kubwa.

*Kuzimia.* Mtoto akizimia, akipata maumivu ya kifua au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida akiwa anacheza, asirudi uwanjani siku hiyo wala inayofuata hadi aonwe na daktari. Ni muhimu zaidi kama katika ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

*Mabinti.* Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka ghafla hupata jeraha la ligamenti ya goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Mazoezi ya kutua kwa magoti yaliyokunjwa na kuimarisha mapaja na nyonga hupunguza hatari hiyo, na mzazi ana haki ya kumuuliza kocha kama yanafanyika. Aidha, binti aliyekwisha kuvunja ungo ambaye hedhi inakata kwa miezi mitatu au zaidi wakati wa mazoezi makali anahitaji kumwona daktari. Mara nyingi ni dalili kwamba chakula anachokula hakilingani na nguvu anayotumia.

*Maneno ya nyumbani.* Mtoto anayeulizwa kila siku "umefunga ngapi?" hujifunza kwamba thamani yake iko kwenye pointi. Siku akikosa timu, au akiumia, anakuwa amepoteza zaidi ya mchezo. Maswali mengine yanatosha: mlicheza vipi, nani alikufurahisha, mwili unajisikiaje. Na baada ya kushindwa, chakula cha jioni kiwe cha jioni, uchambuzi wa mechi ungoje kesho.

Nani anaamua ni wakati wa kuacha?

Swali hili ndilo linalogombanisha familia. Baba anasema mtoto anapoteza muda, mama anasema aachwe ajaribu, mjomba anasema alimwona mtu aliyefanikiwa. Kijana yuko katikati, ana miaka 21, na hana jibu.

Njia inayopunguza ugomvi ni kuamua mwaka kwa mwaka. Msimu ukiisha, familia inakaa na kijana na kuuliza mambo manne: Mwili wake uko salama? Masomo au kazi yake inasonga? Gharama ya mwaka huu tunaimudu bila kukopa au kuuza kitu? Na yeye mwenyewe, bila kusukumwa, bado anautaka mchezo huu? Majibu yote manne yakiwa ndiyo, anaendelea mwaka mmoja mwingine. Moja likiwa hapana, linashughulikiwa kwanza.

Utaratibu huo humpa kijana heshima ya kuamua na humpa mzazi mahali pa kusemea bila kupaza sauti. Pia huondoa ile hali ambapo miaka mitano inapita na hakuna aliyewahi kuuliza.

Ingram hakugeuka kuwa nyota baada ya ule usiku. Mechi ya pili alifunga pointi tano, msimu ukaisha, naye akarudi ligi ndogo. Machi 2019 Lakers walimwita tena kwa mkataba wa siku 10. Mwaka 2020, wachezaji wa ligi hiyo walipiga kura kuunda chama chao cha kutetea malipo na mazingira ya kazi.

Mtoto anayerusha mpira nyuma ya nyumba jioni ya leo huenda atafika mbali kuliko Ingram, au ataishia timu ya mtaa. Katika hali zote mbili atahitaji kulala mapema, kumaliza kazi ya hisabati na kusema ukweli goti linapouma. Hayo yako ndani ya uwezo wa mzazi, na yanaweza kuanza usiku huuhuu.